Elfu Arobaini Walioamka Salama

TANGAZO KWA UMMA. Mamlaka ya Uoni, Kanda ya Milimani, inawaarifu watu wote wenye kisukari waliosajiliwa kwamba kuanzia Jumatatu ijayo salamu ya asubuhi itatolewa saa kumi na mbili na dakika kumi na tano, badala ya saa kumi na mbili na dakika kumi kama ilivyokuwa. Mamlaka inaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaotokana na mabadiliko haya.

Niwaeli Mshana alilisoma tangazo hilo mara mbili, akiwa amesimama mbele ya ubao wa kituo, kwa kuwa kusoma mara mbili ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Alikuwa msomaji wa picha za macho. Kila siku picha mia tatu hivi zilipita mbele yake: duara za rangi ya chungwa, zimetandwa na mishipa kama nyufa za sahani kuukuu. Aliipa kila picha daraja, kuanzia sifuri hadi nne, akaweka herufi za jina lake chini, akaenda kwa inayofuata. Picha hazikuwa na majina ya wenyewe. Zilikuwa na namba, na kanuni ilimkataza kuuliza namba ni ya nani.

Picha zilitoka kwenye vioo. Kioo kilikuwa chembamba kuliko ganda la kitunguu. Kilipandikizwa nyuma ya mboni ya kila mwenye kisukari, na kila alfajiri, mtu alipofumbua macho, kilipiga picha ya ukuta wa nyuma wa jicho lake na kuituma kituoni. Nyuma ya sikio ilikaa punje ndogo iliyozungumza na kusikia. Punje ilimsalimu mtu, ikamsikiliza kwa sekunde nne, ikanyamaza hadi kesho.

Mpango huu ulikuwa na sababu nzuri, kama mipango mingi iliyoharibu mambo. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, hulegeza kuta za mishipa midogo ya jicho, na mishipa hiyo huvuja. Baadaye jicho, kwa kukosa damu ya kutosha, huotesha mishipa mipya iliyo dhaifu kuliko ile ya kwanza, nayo hupasuka. Katika muda huo wote mwenye jicho haumwi, wala haoni tofauti yoyote. Siku anapoona tofauti, mara nyingi amekwisha kuchelewa. Ndiyo maana watu wa zamani waliambiwa wapimwe macho kila mwaka hata kama wanaona vizuri. Walitiwa matone ya kupanua mboni, wakachunguzwa, wakarudi nyumbani wakikinga jua kwa viganja. Kioo kilikuja kuiondoa adha hiyo, na kweli kiliiondoa. Pamoja nayo kilimwondoa daktari aliyekuwa akichungulia.

Hapo mwanzo picha peke yake ilitosha kumwita mtu. Mashine iliwaita watu kutoka mashambani, ikawaita kutoka matangani, na mwaka mmoja ikamtoa bwana harusi kanisani kabla hajavishwa pete, naye alipofika kituoni ikaonekana hana ugonjwa ila vumbi kwenye kioo. Wananchi walikasirika, na bunge likatunga Sheria ya Kauli: mtu yeyote hataitwa kutibiwa kinyume cha kauli yake mwenyewe kuhusu mwili wake. Tangu hapo picha ya daraja la tatu ilingoja neno la mwenye jicho. Akisema haoni vizuri, aliitwa. Akisema yu salama, mfumo uliandika *subiri*. Kwamba ugonjwa huu hauna dalili ya kusemwa ni jambo ambalo wabunge walielezwa na madaktari. Bunge liliwashukuru madaktari kwa maelezo yao.

Swali la kwanza la punje liliandikwa na wahandisi. Lilisema: "Je, una giza, madoa au nyuzi katika uoni wako?" Wazee wa milimani walichukizwa na kitu kilichowauliza habari za miili yao kabla ya kuwaamkia. Wengi waliing'oa punje. Mmoja alimtupia kuku. Mamlaka ikatafuta mtu anayejua adabu, na wakati huo Niwaeli, kabla hajahamishiwa kwenye picha, alikuwa afisa lugha. Aliandika: "Shikamoo. Umeamkaje?" Katika muda wa mwezi mmoja waliojibu waliongezeka kutoka watatu katika kila kumi hadi kufikia karibu wote. Alipewa cheti.

Rasimu yake ya awali ilikuwa na maswali matatu. Upareni, alikozaliwa, habari mbaya haitolewi kwa swali la kwanza. La kwanza huitikiwa vizuri, kwa sababu ni la adabu, la pili huitikiwa vizuri, kwa sababu ni la nyumbani, ndipo kwenye la tatu mtu husema, "Nzuri, ila mama hajaamka vyema." Wahandisi walimwambia kuwa nguvu ya punje ilitosha swali moja. Niwaeli alilijua alilokuwa akilifuta. Alilifuta, akatia saini, na hilo lilikuwa miaka sita iliyopita.

*

Jumapili alipanda Usangi kumtembelea kaka yake. Elinami Mshana alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mwalimu mstaafu wa hesabu, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa na mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi kuliko hiyo. Kisukari alikipata akiwa na arobaini, na alikitii kama alivyotii ratiba ya shule: chai ya tangawizi bila sukari, makande kwa kipimo, dawa kwa saa yake.

Alimkuta katika chumba cha mazoezi. Waimbaji walikuwa wakitoka, na Mama Nambiza, mwanamke mnene wa sauti ya pili, alikuwa akimtania mlangoni.

"Leo Mwalimu ametuongoza akiutazama ukuta. Kumbe ukuta unaimba kuliko sisi?"

"Ukuta haukosei noti, Mama Nambiza. Wala hauji umechelewa."

"Haya, Jumapili ijayo uongoze huo ukuta. Sisi tutakaa nyumbani tumenye ndizi."

Alipotoka, Niwaeli aliingia. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Habari za mjini?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Nzuri."

"Na za kazi?"

"Nzuri, ila macho ya watu yananichosha."

Elinami alimimina chai. Alitumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe akakiacha humo mpaka joto lilipomfikia, ndipo akaacha kumimina. Kisha akakisogeza kiti chake ili dada yake awe upande wake wa kushoto. Niwaeli aliyatazama mambo hayo mawili kwa jicho la kazi yake. Akachukua karatasi ya noti kutoka kwenye rundo, akamnyooshea kutoka upande wa kulia.

"Niimbie mstari wa pili. Nimeusahau."

Elinami aliishika karatasi, akainamisha kichwa, akauimba mstari wote bila kukosea.

"Kaka," Niwaeli alisema, "huo ni wimbo wa mavuno. Karatasi uliyoishika ni ya mazishi."

Aliiweka karatasi chini, akailainisha kwa kiganja.

"Tangu lini?"

"Tangu Februari. Tulikuwa katikati ya mazoezi, pazia likashuka kwenye jicho la kulia. Nikadhani ni taa. La kushoto bado linaona watu, ila herufi zimekuwa ukungu."

"Na punje ilipokuuliza asubuhi yake?"

"Haikuniuliza. Ilinisalimu, nikaitikia."

"Ukasema nini?"

"Nikasema salama. Ulitaka niseme nini? Kitu kinakupa shikamoo hujakaa sawa kitandani, wewe ukimwagie shida zako? Nilingoja kiniulize la pili." Alikunywa chai. "Hakikuuliza."

*

Jumatatu, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Niwaeli alivunja kanuni akaitafuta namba ya kaka yake. Jicho la kulia lilikuwa daraja la tatu kwa miezi saba mfululizo kabla ya damu kulifunika. Chini ya kila picha ya miezi hiyo kulikuwa na herufi za msomaji. Katika picha kumi na moja herufi zilikuwa N.M., na pembeni yake neno *subiri*.

Alizipeleka picha kwa Daktari Mbaga, aliyesimamia leza pekee ya kanda, ile ya kuchoma mishipa ya jicho inayovuja. Mbaga alizitazama za kulia kwa muda mfupi, na za kushoto kwa muda mrefu.

"La kulia limekwisha. Ukuta wa nyuma umevutwa ukang'oka. Hili la kushoto lina mishipa mipya, hii hapa, inaelekea katikati. Nalipa wiki tisa. Likipigwa leza na sindano sasa, litabaki."

"Basi lipige."

"Kwa wito gani, Bi Niwaeli? Leza haiwaki bila namba ya wito."

"Kesho ataiambia punje kuwa haoni."

"Kauli ya kesho itapingana na kauli elfu mbili za nyuma. Mfumo hauipokei mpaka zile zitenguliwe. Waliweka hivyo watu walipogundua kuwa ukisema huoni unatangulia foleni." Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi. "Fomu ya Kutengua Kauli. Akisaini leo, Alhamisi namtibu."

"Na asiyeweza kuisoma?"

"Husainiwa na ndugu wa karibu. Wewe unaweza. Lakini soma kifungu cha nne kwanza."

Kifungu cha nne kilimtaka mwenye saini athibitishe mambo matatu: kwamba swali la punje ni swali la kitabibu, kwamba lilieleweka hivyo, na kwamba majibu yaliyotolewa yalikuwa uongo wa kukusudia.

"Kikisainiwa na wewe uliyeliandika swali," Mbaga alisema, "hakuna atakayeweza kulipinga tena. Litakuwa swali halali milele."

"Na nisiposaini?"

"Iandikie Kamati ya Kauli kwamba halikuwa swali. Wakikubali, kauli za watu elfu arobaini na moja zitaanguka pamoja, na kwa akili ya kawaida itabidi wapimwe wote upya. Hayo mawili huwezi kuyafanya kwa pamoja. Huwezi kusema lilikuwa swali na halikuwa swali."

"Wewe ungefanyaje, Daktari?"

"Ningesaini," alisema Mbaga, akiizima taa ya mashine. "Lakini mimi sikuliandika."

*

"Kwa hiyo wananitaka niseme mimi ni mwongo," Elinami alisema Jumatano, fomu ilipokwisha kusomwa.

"Ni karatasi tu, kaka."

"Karatasi tu ndiyo iliyonifikisha hapa." Akaisukuma fomu upande wa dada yake. "Unamkumbuka baba, ile asubuhi ya mwisho? Ulimuuliza wewe mwenyewe. Umeamkaje, baba? Akasema salama. Alasiri tukampigia fundi simu kuhusu jeneza. Andika basi kwamba baba alikufa mwongo."

"Baba hakuwa na jicho la kuokoa."

"Hilo kweli."

"Nitasaini mimi. Sheria inaniruhusu. Utakuwa umekaa hapo hapo na hutaona ninapoandika."

Maneno yalikwisha kutoka. Elinami alicheka, kicheko kifupi cha puani.

"Leo umeongea kama mtu wa Mamlaka." Kisha, kwa sauti aliyoitumia zamani kumwondolea mwanafunzi hofu ya ubao: "Mama Nambiza ana sukari. Mumewe naye. Na wawili wa sauti ya nne. Kila asubuhi wote wanaamka salama. Ukisaini, watazidi kuamka salama hadi siku pazia litakapowashukia, na huyo atakayekwenda kulalamika ataonyeshwa jina lako."

"Sitaki kukushika mkono kukupeleka chooni kwa ajili ya Mama Nambiza."

"Nami sitaki kuuona uso wa Mama Nambiza kwa jicho ambalo yeye amenyimwa."

 Nje kuku alikuwa akiparua ganda la mahindi. Niwaeli alijaribu tena. Alimwambia kwamba haki ya watu elfu arobaini na moja ni kitu kisichokuwa na uso, ila yeye ana uso. Kwamba watu hao hawakumwomba atolewe sadaka kwa ajili yao. Kwamba mtu ana ruhusa ya kumwokoa nduguye kwanza na kuwafikiria wengine baadaye. Hoja zote zilikuwa nzuri. Alizisikia zikitoka kinywani mwake zikiwa nzuri, na hakuamini hata moja, kwa kuwa alijua kwamba hiyo *baadaye* hufungwa na kifungu cha nne.

"Kamati hiyo hujibu kwa muda gani?" Elinami aliuliza.

"Kanuni inasema siku thelathini."

"Wiki nne na siku mbili. Daktari amekupa tisa. Zinabaki wiki nne na siku tano za kunitibu." Alipiga meza kidogo kwa kidole. "Hesabu inakubali."

Hesabu ilikuwa sahihi. Elinami alikuwa mwalimu bora wa hesabu, na hakuwahi kufanya kazi katika kamati. Niwaeli alikuwa amefanya kazi katika kamati tatu. Aliikunja fomu akairudisha mkobani, na asubuhi iliyofuata aliandika kauli yake, ambayo ilikuwa fupi:

"Mimi ndiye niliyeyaandika maneno yanayosemwa na punje. Niliandika salamu. Watu wa kwetu huitikia salamu kwa neno la heri hata wakiwa matangani, na habari yenyewe hufuata ikiwa aliyewaamkia atakaa kuisikiliza. Nilikuwa nayajua haya nilipoyafuta maswali mawili yaliyofuata. Wananchi hawakuidanganya Mamlaka. Mamlaka iliwaamkia na kuondoka. Naomba wapimwe wote kwa matone na kwa macho ya daktari, kuanzia sasa."

*

Wiki ya pili Kamati ilimwomba nakala ya cheti alichopewa. Wiki ya nne ilimtaka afafanue neno *heri*. Wiki ya tano ilimjulisha kwamba siku thelathini huanza kuhesabiwa baada ya ufafanuzi kupokewa.

Wiki ya sita alipanda Usangi na mkobani mlikuwa na fomu. Angeweza bado kuiondoa kauli yake na kusaini; Daktari Mbaga alikuwa amemhakikishia hivyo kwa simu, bila kuulizwa. Elinami alimpokea uani, akichambua maharage ya makande kwa vidole, yale mabovu akiyatia kwenye sahani ya pembeni. Alikuwa akichambua vizuri.

"Umekuja nayo?"

"Ndiyo."

"Haya. Nisaidie maharage."

Akakaa, akamsaidia. Walizungumza juu ya mvua na juu ya mtoto wa shangazi yao aliyenunua ng'ombe kipofu bila kujua. Elinami alilisimulia hilo kwa urefu, akimwiga muuzaji, mpaka Niwaeli akacheka na machozi yakamtoka. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na minne na aliyajua machozi yake. Hakuitoa fomu. Baadaye, kila alipojiuliza kwa nini, alipata sababu nyingi za heshima. Ile ya kweli ni kwamba asingeweza kuwa mtu wa kwanza kumvunjia kaka yake neno katika nyumba yake mwenyewe, na akamwachia aamue mwenyewe juu ya jicho lake.

Wiki ya nane, Jumapili mchana, Mama Nambiza alimpigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za huko?" Niwaeli aliuliza.

"Nzuri, mama. Sisi wazima kabisa."

Niwaeli alijua. Aliuliza la pili. "Na za kwaya?"

"Nzuri. Tumeimba leo."

Akauliza la tatu. "Mwalimu je?"

"Mwalimu ameushusha mkono katikati ya ubeti wa tatu," Mama Nambiza alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Tukadhani anatutaka tuimbe taratibu. Tukapunguza. Akabaki tu amesimama hivyo, mkono chini. Tukaumaliza wimbo wenyewe, mama. Hatukujua la kufanya, tukaumaliza."

*

Uamuzi ulifika wiki ya kumi na moja, umepigwa mhuri kila ukurasa. Niwaeli aliupeleka Usangi mwenyewe. Mama Nambiza alikuwapo. Siku hizo alikuwa akija kila siku, akipika, akiwatukana kuku, akiviweka vikombe mahali pale pale kila mara. Niwaeli alikaa karibu na kaka yake akasoma kwa sauti.

"Kamati ya Kauli, katika kikao chake cha kawaida, imeipokea kauli ya Bi Niwaeli Mshana, na imejiridhisha kwamba maneno yanayosemwa na punje ni salamu, wala si swali la kitabibu. Kwa hiyo majibu yote yaliyotolewa tangu siku ya kwanza yamefutwa, na walioyatoa watahesabiwa kuwa hawajawahi kuulizwa."

"Umeshinda," Elinami alisema.

Mama Nambiza aliacha kuosha vyombo.

"Endelea," Elinami alisema.

"Kwa kuwa Sheria ya Kauli hairuhusu mtu kuitwa kutibiwa kabla hajatoa kauli, na kwa kuwa kwa uamuzi huu hakuna kauli iliyopo, wito wote umesimamishwa mpaka swali jipya litakapopatikana. Kikundi cha wataalamu wa lugha kitaundwa kulitunga swali hilo, na Bi Niwaeli Mshana ameteuliwa kuwa mjumbe."

"Hongera."

"Kaka."

"Malizia, mdogo wangu. Usiache karatasi ya watu katikati."

Niwaeli aligeuza ukurasa. Sauti yake ilikuwa ileile ya kusomea picha, haikupanda wala kushuka.

"Katika kipindi hicho, ili wananchi wasijione wametelekezwa, punje zitaendelea kuwaamkia kila asubuhi kama kawaida. Majibu yao hayatahifadhiwa. Uamuzi huu ni wa mwisho, na unaanza kutumika leo."